Masihi wa Handel Ukingoni mwa Ziwa Tanganyika

Mara nyingi katika mikutano ya utamaduni nimesikia ikisemwa kwamba nyimbo za kwaya, na hasa zile zilizotungwa Ulaya, hazina mahali katika hesabu ya mali ya taifa letu. Msemaji huanza na ngoma, huendelea na ngano, vitendawili na methali, humaliza na mavazi na vyakula, na kwaya haitaji hata kwa bahati mbaya. Mimi nimezaliwa Ujiji na kukulia Kigoma, na kwa zaidi ya miaka arobaini nimeimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa. Nina neno la kusema juu ya jambo hili, nami nitalisema kwa mfano mmoja tu: wimbo ambao kwaya nyingi za nchi hii zimewahi kuujaribu, yaani Haleluya ya Handel.

Nimeuita wimbo, kwa sababu ndivyo tunavyouita sote. Lakini kwa hakika ni kipande tu cha kazi kubwa, na anayeuimba peke yake ni kama mtu aliyehifadhi beti za mwisho za utenzi. Kazi yenyewe inaitwa Masihi, nayo ni oratorio. Maana yake ni masimulizi ya dini yanayoimbwa na waimbaji wa pekee wakipokezana na kwaya, yakisindikizwa na ala, bila mavazi ya maigizo na bila mtu kujifanya kuwa mtu mwingine. Aina hiyo ya uimbaji ilikua Roma katika karne ya 17, katika majumba ya sala ambayo Waitaliano waliyaita kwa jina hilohilo, na jina la nyumba likauhamia muziki. Ni zama za mtindo unaoitwa Baroko, wakati ambapo wasanii wa Ulaya walipenda mapambo mengi na hisia zilizo wazi.

George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Alijifunza mengi Italia katika ujana wake, kisha akafanya makao London, akaishi kwa kutunga opera za Kitaliano. Opera zilipoanza kupoteza wateja, aligeukia masimulizi ya dini kwa lugha ya Kiingereza. Katika safari hiyo katazo moja lilimsaidia. Mwaka 1732 Askofu Gibson wa London hakutaka waimbaji watoto wa Kanisa la Kifalme waigize kisa cha Esta jukwaani. Handel akakiimbisha bila kuigiza, na watu wakakipenda vilevile. Miaka tisa baadaye Charles Jennens, tajiri mwenye mashamba aliyeijua Biblia vizuri, alimpa maneno aliyoyakusanya kutoka Maandiko matupu. Handel aliandika muziki wake kwa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741.

Kazi hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza inahusu unabii na kuzaliwa kwa Masihi. Ya pili mateso, kifo, ufufuko na kuenea kwa neno. Ya tatu ufufuko wa wafu. Hakuna mwimbaji anayechukua nafasi ya Yesu. Habari zake husimuliwa kwa mbali, zaidi kwa maneno ya manabii na ya Zaburi. Na Haleluya, ambayo sisi huipiga wakati wowote wa furaha, imewekwa mwisho wa sehemu ya pili, mara tu baada ya mwimbaji wa sauti ya tatu kuimba Zaburi ya pili juu ya fimbo ya chuma itakayowavunja wafalme wakaidi kama vyombo vya mfinyanzi. Asiyejua hayo huiimba kama wimbo wa sikukuu. Anayejua huiimba kama jibu kwa wenye nguvu wa dunia, na sauti yake hubadilika hata asipotaka.

Masihi haikuimbwa kwanza London bali Dublin, Ayalandi, tarehe 13 Aprili 1742. Watu 700 hivi walijibana katika ukumbi wa muziki. Wanawake walikuwa wameombwa waache nyumbani pete kubwa za kutanulia magauni, na wanaume waache panga zao, ili nafasi ipatikane. Mapato yalikuwa kama paundi 400, yakagawiwa mafungu matatu: hospitali mbili za wasiojiweza, na wafungwa wa madeni. Kwa fungu hilo la tatu walifunguliwa wadeni 142. Ndugu msomaji, nakuomba uikumbuke idadi hiyo, maana nitairudia.

Sasa nirudi kwetu ziwani. Mji wa Ujiji wa karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo na kupitia Tabora. Hapo ndipo pembe na watu waliotekwa ng'ambo, katika nchi ya Manyema, waliposhushwa mitumbwini. Livingstone alipofika Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871 akiwa mgonjwa na mnyonge, miezi michache kabla alikuwa amejionea kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe. Si wote walioletwa waliopelekwa pwani. Wengi walibaki, wakalima, wakavua, wakazaa, wakawa wenye mji. Na si vita tu vilivyomwondolea mtu uhuru wake siku zile. Deni nalo lilitosha, kwa kuwa mtu aliweza kuwekwa rehani kwa ajili ya deni la mjomba wake, na rehani isiyokombolewa ikageuka utumwa. Wajerumani waliamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Mama wa bibi yangu, mzaa mama, aliletwa kwa mtumbwi akiwa mtoto asiyejua jina la kijiji chake. Bibi alizaliwa Ujiji, akafa Ujiji, na hakupenda kuulizwa habari hizo mbele ya wageni.

Nyumbani kwa bibi ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza masimulizi marefu ya dini yakiimbwa. Baba yangu alikuwa karani wa reli, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, naye alikuwa Mkatoliki. Upande wa mama ni Waislamu. Kwetu hilo si jambo la ajabu, na watoto tulikula Idi na Krismasi bila kuona mgongano. Mwezi wa Mfungo Sita Bibi alinivalisha kanzu ya mjomba iliyofupishwa, tukaenda kwenye Maulidi. Ubani ulifukizwa, marashi yakanyunyizwa, wasomaji wakapokezana milango ya Barzanji, na baada ya kila mlango watu wote wakaitikia. Kitabu hicho kilitungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina, naye aliishi katika karne ya 18, karne ileile ya Masihi ya Handel. Mwenge bahari ya kaskazini, mwingine jangwani, watu wawili wasiojuana walikuwa wakiandika kwa ajili ya sauti moja na sauti nyingi zinazojibu. Na tusisahau pwani yetu: Utenzi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani wa Pate una tarehe ya mwaka 1728, na ni masimulizi ya dini yaliyokusudiwa kughaniwa.

Liko jambo jingine linalonishangaza zaidi. Msomaji wa Maulidi anapofikia kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama. Na katika nchi nyingi duniani kwaya inapoanza Haleluya ya Handel, watu wote husimama pia. Inasimuliwa kwamba Mfalme George wa Pili alisimama London aliposikia sehemu hiyo, na raia wakalazimika kumfuata. Lakini habari hiyo iliandikwa mwaka 1780, miaka mingi baada ya mfalme kufariki, na hakuna shahidi wa siku zile aliyeitaja. Desturi yenyewe hata hivyo ipo, nasi wa Kigoma tuliipokea kama ilivyo. Hata ugomvi wetu unafanana. Ujiji wako wazee wasiopenda matari yapigwe pamoja na sifa za Mtume, na London mwaka 1743 walikuwako waliokasirika kusikia maneno ya Biblia yakiimbwa katika jumba la maigizo.

Basi wimbo huo ulitufikiaje? Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe mwanzoni mwa mwaka 1879; lakini si Handel waliyekuja naye sandukuni. Kilichomleta ni herufi. Katika karne ya 19 mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, akifuata kazi ya mwalimu Sarah Glover, aliendeleza namna ya kuandika muziki kwa herufi za d, r, m, f, s, l, t badala ya mistari mitano na vichwa vyeusi vyenye mikia. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hugawa pigo nusu, mkato huligawa tena. Wasomi wa muziki huidharau njia hiyo. Mimi siidharau, kwa sababu naifahamu faida yake: inaweza kuchapwa kwa taipureta ya kawaida. Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa na vinanda vya fahari wala vitabu vya kuagiza ng'ambo. Alikuwa na taipureta ya ofisini, karatasi za stensili na mashine ya kudurufu aliyoiazima kwa saa mbili. Kwa vitu hivyo watu thelathini, ambao wengine hawakumaliza darasa la saba, walisoma kurasa za Handel kwa sauti nne. Wengine walinakili kwa mkono katika daftari za hesabu, na daftari hizo ndizo maktaba yetu. Mchwa wameshakula nyingi, na sasa vijana wanajifunza kwa kusikiliza simu. Wanashika upesi kuliko sisi, lakini sauti ya pili ikipotea hakuna ajuaye ilipotelea wapi.

Ugumu mkubwa ulikuwa lugha. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, na Handel aliyapa kila moja noti yake. Neno linalokaa mahali pa "Bwana" ni silabi moja kwao, kwetu mbili. Mahali pa "anatawala" wao wanazo mbili, sisi tano. Tena Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi iliyo kabla ya mwisho. Pigo kubwa la muziki likiangukia silabi ya mwisho, Bwana anakuwa "Bwanaa", na mtoto wa Ujiji ataangua kicheko katikati ya sala. Kwa hiyo mwalimu aligawa noti, akasogeza maneno, akafuta, akajaribu tena kwa kutuimbisha. Jioni nyingi zilipita kwa neno moja. Mahali ambapo sauti hufukuzana, moja ikianza na nyingine kuifuata kwa maneno yaleyale, alituambia tuangalie mitumbwi ya dagaa inavyotoka Kibirizi jioni na karabai zake: hakuna unaosubiri mwenzake, na hakuna unaomgonga mwenzake. Tulielewa mara moja. Baada ya kazi ya namna hiyo sidhani kwamba ni haki kuniambia wimbo ule si wangu.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alilalamika kwamba tulicheza dansi za Ulaya huku hatujui gombe sugu wala mangala. Alisema kweli. Lakini yeye huyohuyo alimfasiri Shakespeare, na mwaka 1996 tenzi zake za Injili zilichapishwa, masimulizi ya Masihi kwa mizani za Kiswahili. Mganda Joseph Kyagambiddwa naye alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa ajili ya kutangazwa kwao watakatifu huko Roma mwaka 1964, akajenga juu ya muziki wa Kiganda. Ningependa kuona jambo kama hilo likifanywa kwa tenzi za Mwalimu na ngoma za Waha. Hata hivyo mtunzi wa kazi kama hiyo atatoka wapi, ikiwa hakuwahi kusimama ndani ya kwaya na kusikia sauti nne zikifukuzana?

Hayo yangetosha, kama si jambo lililotokea miaka michache iliyopita. Kwaya yetu iliamua kuimba Pasaka, badala ya Haleluya peke yake, vipande saba vya Masihi, na mahali pa nyimbo za mwimbaji mmoja yasomwe Maandiko. Wiki tatu kabla, binti mmoja wa sauti ya pili, mwalimu wa historia, alisimama kabla ya mazoezi.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba kusema kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Alitueleza kwamba wanahistoria wa muziki walikuwa wamefungua vitabu vya hisa vya Kampuni ya Kifalme ya Afrika, kampuni ya Waingereza iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi kwenda ng'ambo ya Atlantiki, wakalikuta jina la Handel katika orodha za mwaka 1720. Alikuwa pia na hisa katika Kampuni ya Bahari ya Kusini, iliyopewa haki ya kuwauza Waafrika katika makoloni ya Hispania. Habari hiyo ni ya kweli. Nimeisoma mwenyewe baadaye. Ni kweli pia kwamba bahari ile si bahari yetu, na kwamba watu wa Ujiji hawakupakiwa katika meli za kampuni ile. Lakini ukumbi ulinyamaza, kwa sababu zaidi ya nusu ya waliokuwamo walikuwa na bibi kama wangu.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama mmoja wa sauti ya kwanza, mzaliwa wa Ujiji, mwenye umri wa kumzaa mwalimu wa kwaya. "Mwanangu," alimwambia yule binti, "ukoo wangu wote uliletwa na mtumbwi. Tukiacha kila kilichoguswa na fedha ya watu, hata embe za njia ya misafara tusile. Mimi naimba."

Watu walicheka kidogo, nami nilidhani shauri limekwisha. Ndipo fundi mmoja wa mitumbwi, sauti ya tatu, mtu wa maneno machache, akasema, "Shikamoo, mama. Mimi sina ugomvi na wimbo. Nina ugomvi na kusimama. Mkisimama wote kwa ajili ya mtu yule, mimi miguu yangu haitanyanyuka."

Mwalimu wa kwaya alimjibu kwamba anayesimamiwa ni Mungu, si Handel. Fundi akasema anajua, lakini bibi yake hajui. Tulibishana hadi giza likaingia. Wengine walitaka habari ile isitajwe mbele ya watu, maana Pasaka si siku ya kesi. Mimi nilisema itajwe. Kazi ambayo usuli wake unafichwa haiwezi kuwa mali ya mtu yeyote, huwa ni kitu cha kuazima tu. Mwisho tulikubaliana kwamba kabla ya kuimba yasomwe maelezo mafupi ya kazi nzima: Roma, London, siku 24, wadeni 142 wa Dublin, na hisa za mwaka 1720. Yule binti akapewa kuyaandika na kuyasoma. Tulikubaliana pia kwamba sadaka ya siku ile itumike kama ilivyotumika Dublin.

Siku ya Jumatatu ya Pasaka kanisa lilijaa, na Waislamu wa Ujiji waliokuja kwa ajili ya ndugu zao walikaa upande wa kushoto, karibu na mlango. Hatukuwa na tarumbeta. Sehemu zake zilichezwa na kinanda, na si vibaya. Binti alisoma maelezo yake bila kutetemeka. Alipotaja kampuni ile, mzee mmoja aliyevaa kofia ya kitambaa aliinamisha kichwa, kisha akamnong'oneza jirani yake jambo ambalo sikulisikia. Tuliimba vipande vya kwanza vizuri. Cha nne tulikiharakisha. Sauti ya tatu, iliyopungukiwa na mtu wake bora, ilihangaika juu. Haleluya ilipoanza watu walisimama, Wakristo na Waislamu. Fundi wa mitumbwi alikuwa amekaa benchi ya tatu pamoja na watoto wake. Hakusimama. Watoto walimtazama, wawili wakasimama, mdogo akabaki amemkalia pajani. Hakuna aliyewasemesha, na nilimwona midomo yake ikifuata sauti ya tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sadaka ilihesabiwa jioni ile mezani, mbele ya wote. Ilitosha kulipia faini za watu wawili waliofungwa kwa kukosa fedha ya kuzilipa, mmoja wao mvuvi aliyekamatwa na nyavu zisizoruhusiwa. Haikufika faini ya wa tatu. Ilipungua kwa kiasi ambacho fundi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni akimsubiri mkewe wa sauti ya pili, aliuliza ni shilingi ngapi.